Kuingia si Kufika: Historia Fupi ya Kufundisha Lugha za Kompyuta katika Vyuo vya Jamii vya Marekani

Sisi tunaofundisha Kiswahili nchini Uganda tumezoea kuwapokea wanafunzi ambao tayari wamebeba lugha mbili au tatu vichwani mwao: lugha ya nyumbani, lugha ya sokoni, na Kiingereza cha darasani. Kutokana nao tumejifunza kwamba lugha ngeni haiingii kwa kuamriwa. Huingia kwa sentensi fupi itamkwayo siku ya kwanza, kwa kusoma kabla ya kutunga, na kwa kosa lisahihishwalo lingali moto. Mambo haya ni ya kawaida katika kazi yetu, na pengine ndiyo sababu hatuyahesabu kuwa ni elimu.

Siku moja tulikaribishwa kuketi nyuma ya darasa la kompyuta. Mwalimu aliandika ubaoni mistari kumi na miwili, wanafunzi wakainakili kama ilivyo, kisha wakaiingiza katika mashine. Mashine za wengi zilikataa, na kosa la wengi wao lilikuwa nukta-mkato moja iliyosahauliwa. Hakuna aliyeulizwa mstari wa tatu una maana gani. Tulikumbuka zama ambapo mwanafunzi wa Kiswahili alikaririshwa ngeli zote kabla hajajua kuomba maji ya kunywa. Ndipo tukataka kujua: wale waliotangulia kuwafundisha watu wa kawaida kazi hii waliifundishaje? Walifaulu wapi, na walikwama wapi?

Jibu limetupeleka Marekani, na hasa katika vile viitwavyo vyuo vya jamii. Tunawaomba wasomaji watufuate huko kwa muda, kwa kuwa tunaamini kwamba historia hiyo inamhusu mwalimu wa lugha kama inavyomhusu mwalimu wa kompyuta.

Mlango wazi

Chuo cha jamii ni chuo cha miaka miwili kilichowekwa karibu na makazi ya watu, ambacho aghalabu humpokea kila mhitimu wa sekondari bila kumchuja. Chuo cha umma cha namna hiyo kilicho kikongwe kuliko vyote kilianzishwa mwaka 1901 katika mji wa Joliet, jimboni Illinois. Waliokiasisi ni William Rainey Harper, rais wa Chuo Kikuu cha Chicago, na J. Stanley Brown, mkuu wa shule ya sekondari ya mji huo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, askari waliorudi nyumbani walipewa haki ya kusomeshwa kwa sheria ya mwaka 1944. Mwaka 1947 tume iliyoundwa na Rais Harry Truman ikapendekeza vyuo hivyo vienezwe nchini kote. Katika miaka ya 1960 vilifunguliwa kwa mamia, na leo idadi yake ni yapata elfu moja.

Jimbo la California lilikwenda mbali zaidi. Mpango wake mkuu wa elimu ya juu wa mwaka 1960 uliwagawa wahitimu wa sekondari katika mafungu: fungu la juu kabisa likaenda katika chuo kikuu cha jimbo, fungu la pili katika vyuo vya serikali vya miaka minne, na wengine wote wakafunguliwa mlango wa chuo cha jamii. Mlango huo haukuwa na ada ya masomo hadi mwaka 1984, ilipowekwa ada ya dola 50 kwa muhula kwa mwanafunzi wa masomo kamili.

Aingiaye chuoni humo ni nani? Ni kijana ambaye hakupata alama za kumpeleka chuo kikuu, mama aliyelea watoto na sasa anarudi darasani, mhamiaji ambaye Kiingereza bado kinamtatiza ulimi, na fundi ambaye kiwanda chake kimefungwa. Wengi wao hufanya kazi mchana na kusoma jioni. Walimu wao nao, zaidi ya nusu, ni wa muda, wanaolipwa kwa somo wanalofundisha. Hao ndio watu ambao, kuanzia miaka ya kompyuta kubwa hadi miaka ya wavuti, wamefundishwa kuziandikia mashine maagizo.

Lakini hata mwanzoni palikuwa na sauti iliyotahadharisha. Mwaka 1960 mwanasosholojia Burton Clark, aliyekuwa amekichunguza chuo kimoja cha namna hiyo mjini San Jose, aliandika kwamba mlango wazi una kazi nyingine isiyotajwa. Chuo humpokea kila mtu, kisha polepole, kwa mitihani na kwa mashauri ya upole, humpoza aliye dhaifu hadi akubali lengo dogo kuliko lile alilokuja nalo. Naye huondoka akijilaumu mwenyewe, wala halaumu mpango uliomwingiza bila kumfikisha. Tuiweke hoja hiyo akilini, kwa kuwa tutairudia.

Salamu kwa mashine

Katika miaka ya 1950 na ya mwanzo ya 1960, kuiandikia kompyuta kulikuwa kama kumwandikia barua mtu aliye ng'ambo. Mwanafunzi aliandika maagizo yake, akayatoboa katika kadi za karatasi, akalikabidhi fungu la kadi kwa wahudumu wa mashine, kisha akangoja. Jibu lilipokuja, pengine siku ya pili, lingeweza kuwa neno moja tu: kosa. Kila mwalimu wa lugha anajua madhara ya sahihisho lililochelewa. Mwanafunzi huwa amekwisha kusahau alilokuwa akifikiri alipokosea.

Walioliona jambo hilo ni walimu wawili wa hisabati wa chuo cha Dartmouth, jimboni New Hampshire: John Kemeny, mzaliwa wa Budapest, na Thomas Kurtz. Dartmouth hakikuwa chuo cha jamii. Kilikuwa chuo cha watu wenye nafasi, na hadi mwaka 1972 kiliwasomesha wanaume tu kwa shahada ya kwanza. Hata hivyo walimu hao walishika wazo lililokuwa geni kwa wakati wao, kwamba kila mwanafunzi, awe wa historia au wa fasihi, aweze kutumia kompyuta kama atumiavyo maktaba. Kwa msaada wa wanafunzi wao walitengeneza lugha waliyoiita BASIC, pamoja na mpango ulioiwezesha mashine moja kuwahudumia watu wengi kwa wakati mmoja. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Mei 1964, yapata saa kumi za alfajiri, programu za kwanza zilifanya kazi.

Tuitazame lugha hiyo kwa jicho la mwalimu wa lugha. Amri zake za awali hazikufika ishirini, na nyingi zilikuwa maneno ya kawaida ya Kiingereza. Ili kuingia, mwanafunzi alipiga hodi kwa neno la salamu, na ili kutoka aliandika neno la kuaga. Aliweza kutunga programu kamili yenye mistari miwili au mitatu katika somo la kwanza, na akikosea, mashine ilimjibu papo hapo. Msamiati mdogo, sentensi ya siku ya kwanza, sahihisho la haraka, na adabu ya maamkizi: je, hii si njia yetu wenyewe?

Lugha hiyo haikubaki Dartmouth. Ilienda katika shule na vyuo vya jamii kwa njia ya mashine ndogo zaidi, na baada ya mwaka 1977 ilikuwa imo tayari ndani ya kompyuta za mezani zilizouzwa madukani. Kwa watu wengi ilikuwa ndiyo lugha ya kwanza waliyosema na mashine.

Haikukosa wapinzani. Mwaka 1975 Edsger Dijkstra, mtaalamu mashuhuri wa Uholanzi, alidai kwa maneno makali kwamba aliyeanza na BASIC ameharibika akili kiasi cha kutofundishika tena vizuri. Hoja yake ilikuwa na chembe ya kweli. BASIC ilimruhusu mwanafunzi kuruka kutoka mstari hadi mstari ovyo, hata programu ndefu ikawa kama uzi uliojisokota. Niklaus Wirth wa Uswisi alikuwa amekwisha kutoa lugha ya Pascal mwaka 1970, ambayo aliikusudia kufundishia mpangilio safi, nayo ikapata nafasi kubwa vyuoni. Sisi tumeyasikia mabishano kama hayo nyumbani: yuko anayedai kwamba Kiswahili cha sokoni humharibu mwanafunzi, na yuko anayejibu kwamba asingalikisikia sokoni asingalikuja darasani. Wote wawili wana sehemu ya haki. Kazi ya mwalimu ni kumpokea mwanafunzi na alicho nacho, kisha kumwongoza kwenye usanifu.

Kurasa za wavuti

Mlango wa pili ulifunguliwa Ulaya. Mwaka 1989 Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva, alipendekeza njia ya kuunganisha maandishi yaliyotawanyika katika kompyuta mbalimbali. Mwishoni mwa mwaka 1990 njia hiyo ilikuwa inafanya kazi, na mwaka 1991 ikatangazwa kwa umma. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikatoa tamko kwamba mtu yeyote anaweza kuitumia teknolojia ya wavuti bila malipo. Mwaka huohuo kivinjari kiitwacho Mosaic, kilichoandikwa na Marc Andreessen na Eric Bina katika Chuo Kikuu cha Illinois, kikawaonyesha watu wa kawaida picha na maandishi pamoja katika ukurasa mmoja.

Kurasa hizo ziliandikwa kwa HTML. Maelezo yake ya kwanza ya mwaka 1991 yalikuwa na alama 18 tu: hii ya kichwa cha habari, hii ya aya, hii ya orodha, hii ya kiungo cha kwenda ukurasa mwingine. Alama nyingi huja jozi jozi, moja ya kufungua na moja ya kufunga, kama mabano katika sentensi. Aliyejua kupanga insha kwa kichwa, aya na orodha alikuwa amekwisha kujua nusu ya kazi.

Jambo hili lilivifaa sana vyuo vya jamii. Somo la kutengeneza tovuti halikuhitaji mashine ya gharama kubwa, bali kompyuta yoyote yenye programu ya kuandikia maandishi matupu. Halikumtaka mwanafunzi awe na hisabati ya juu. Tena lilikuwa na kitabu kisichonunuliwa, kwa kuwa vivinjari vilimruhusu msomaji kufunua ukurasa wowote na kuona maandishi yaliyouunda. Mwanafunzi aliyependezwa na kazi ya mwingine aliweza kuisoma ndani, akaiga, akabadilisha, akaona matokeo. Hivyo ndivyo mafundi seremala na washairi wetu walivyojifunza tangu kale, kwa kutazama mkono wa aliyetangulia.

Kadhalika kivinjari kilikuwa mwalimu mpole kupita kiasi. Mwanafunzi akisahau kufunga alama, ukurasa bado ulionekana. Upole huo uliwavuta wengi, lakini ulificha makosa. Ukurasa uliopendeza machoni uliweza kuwa vurugu tupu kwa kipofu anayesomewa na mashine, ambayo hutegemea alama zilizowekwa kwa maana yake. Ndiyo maana mwaka 1999 shirika la viwango vya wavuti, W3C, lililoundwa mwaka 1994, lilitoa mwongozo wa kuwafaa watu wenye ulemavu. Mwalimu mzuri wa tovuti alipaswa sasa kufundisha kwamba alama ya kichwa cha habari si ya kunenepesha herufi, bali ni ya kusema: hiki ni kichwa cha habari. Hilo ni somo la maana na matumizi, nalo ni somo letu.

Baadaye kazi ikagawanyika. Mwaka 1994 Håkon Wium Lie wa Norway alipendekeza lugha ya CSS ya kupamba kurasa, ambayo ilipitishwa kuwa kiwango mwaka 1996. Mwaka 1995 Brendan Eich aliandika toleo la kwanza la JavaScript kwa muda wa siku kumi. Hii ya mwisho ilikuwa lugha kamili ya programu, yenye masharti, marudio na kumbukumbu. Basi katika somo lilelile, mwanafunzi aliyeanza kwa kupanga aya akajikuta mbele ya mlima. Kivinjari kilichomsamehe alama ya HTML isiyofungwa hakikumsamehe mabano ya JavaScript yasiyofungwa.

Theluthi iliyobaki njiani

Hapa turudi kwenye hoja ya Burton Clark. Mlango ulikuwa wazi, lugha zilikuwa zimerahisishwa, na mashine zilikuwa zimeshuka bei. Je, wote walioingia walifika?

Mwaka 2007 watafiti wawili wa Denmark, Jens Bennedsen na Michael Caspersen, walikusanya hesabu za masomo ya mwanzo ya programu kutoka taasisi za nchi mbalimbali. Walipata kwamba kwa wastani asilimia 67 ya wanafunzi hufaulu. Waliojibu walikuwa wachache kuliko walioulizwa, na hesabu haikuwa ya vyuo vya jamii peke yake, ila utafiti mwingine wa mwaka 2014 ulipata karibu jibu lilelile. Yaani yapata theluthi moja ya waliojiandikisha walishindwa au waliacha. Hebu tufikiri juu ya mama yule wa masomo ya jioni, aliyetoka kazini bila kula, akaketi mbele ya mashine iliyomkatalia kwa wiki sita mfululizo. Anapoacha, hatasema kwamba alifundishwa vibaya. Atasema: sina kichwa cha kompyuta. Hapo ndipo kupoza kulikosemwa na Clark kunapotimia.

Kwa muda mrefu walimu wengi wa somo hilo waliamini hivyohivyo, kwamba kipaji cha kuandika programu mtu huzaliwa nacho. Mwaka 2004 kundi la watafiti likiongozwa na Raymond Lister likawapima wanafunzi wa nchi saba kwa njia nyingine. Hawakuwataka watunge programu. Waliwapa vipande vifupi vilivyokwisha kuandikwa, wakawauliza matokeo yake yatakuwa nini. Wengi walishindwa. Ikaonekana kwamba wanafunzi walikuwa wakidaiwa kutunga katika lugha ambayo hawajaweza kuisoma.

Mwaka 2006 Dale Parsons na Patricia Haden, walimu wa chuo cha ufundi cha Otago nchini New Zealand, wakatoa zoezi jipya: mwanafunzi hupewa mistari sahihi ya programu iliyochanganywa, naye huipanga upya hadi ilete maana. Zoezi hilo limeenea na limechunguzwa sana. Sisi tuliposoma habari zake tulicheka kidogo, si kwa dharau, bali kama mtu aliyekutana ugenini na jirani yake. Ni nani kati yetu ambaye hajawapa wanafunzi wake sentensi zilizovurugwa wazipange?

Funzo kwetu

Hatusemi haya ili kujisifu. Twasema kwamba walimu wa kompyuta walichukua zaidi ya miaka 40, tangu alfajiri ile ya Dartmouth, kuyafikia kwa utafiti mambo ambayo walimu wa lugha huyafanya kila juma, na kwamba katika miaka hiyo wanafunzi wengi walirudi nyumbani wakijiita wajinga. Ukuta uliosimama kati ya vyumba viwili vya darasa ulikuwa na gharama, na waliolipa ni wale waliokuwa na kidogo.

Katika shule zetu gharama hiyo huwa mara mbili. Mwanafunzi wa Marekani anapoona neno la Kiingereza la sharti katika programu, walau neno lenyewe analijua, bado matumizi yake tu. Wa kwetu aghalabu hana uhakika na neno wala matumizi. Hivyo anakutana na lugha mbili ngeni zilizovaa kanzu moja, na anaposhindwa, hakuna ajuaye ni ipi iliyomwangusha.

Hatuanzi na mikono mitupu. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden walitoa programu za ofisi zenye maelezo ya Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice. Lugha ya Scratch, iliyotolewa na taasisi ya MIT mwaka 2007 kwa ajili ya watoto, ambayo maagizo yake hupangwa kama matofali, imetafsiriwa katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Maneno tovuti, wavuti, kivinjari na kiungo yamekwisha kuzoeleka, na kompyuta, ambayo wengine huiita tarakilishi, haihitaji tena mkalimani.

Lakini msamiati peke yake hautoshi. Liko jambo jingine tuwezalo kulitoa, nalo ni sarufi. Chukueni sharti. Kiswahili kina namna kadhaa za kulisema: akija tutakula, angekuja tungekula, angalikuja tungalikula. Mwanafunzi wetu anajua tofauti zake kwa sikio. Mwalimu anaweza kumwambia kwamba mashine inaijua ile ya kwanza tu. Inapofika kwenye sharti huangalia hali ilivyo dakika hiyo: kama ni kweli, basi hufanya hivi, kama si kweli, hufanya vile. Haina majuto ya -ngali-, wala haina ndoto za -nge-. Kwa maelezo hayo machache mwanafunzi ameelewa kwa lugha anayoihisi jambo ambalo kwa Kiingereza alikuwa akilinakili tu. Kadhalika marudio yanaweza kuelezwa kwa maadamu: maadamu mtungi haujajaa, ongeza kata moja. Hapo msomaji atauliza mara moja, na mtungi ukiwa umetoboka je? Naye atakuwa amegundua mwenyewe kosa la programu isiyokoma.

Basi pendekezo letu ni dogo. Kila mmoja wetu aliye katika shule yenye darasa la kompyuta amwendee mwenzake na kumwomba mambo mawili: kwamba kila kipande cha programu kisomwe kwa sauti na kuelezwa kwa Kiswahili kabla ya kunakiliwa, na kwamba kabla ya kutunga, mwanafunzi apewe mistari iliyovurugwa aipange. Mambo hayo hayahitaji fedha wala kibali cha wizara. Yanahitaji walimu wawili wakubali kuketi katika chumba kimoja.

Nasi tumeanza. Mwalimu yule wa nukta-mkato alikubali tuijaribu mistari yake kumi na miwili upya. Safari hii msichana mmoja wa dawati la mwisho, ambaye hapo awali alikuwa akinakili kimya, aliulizwa mstari wa tatu unasema nini. Alifikiri kidogo, akajibu kwa Kiswahili chenye lafudhi ya kwao: "Unasema, kama amelipa, mfungulie."